Mama anapokuwa kizingiti cha ndoa ya mwanawe

 

Ndugu msomaji, yapo matatizo ambayo watu huyapeleka barazani na yapo ambayo huishia chumbani kwa mtu na mto wake. Hili ninalotaka tulitazame leo ni la aina ya pili. Mtu anaweza kumlalamikia jirani, mwajiri au hata imamu wa msikiti wake. Lakini kumlalamikia mama ni aibu, na wengine huona hata kulitaja jambo hilo ni dhambi. Matokeo yake ni kwamba ndoa zinazuiwa, nyingine zinavunjika, na hakuna anayethubutu kusema chanzo chake.

Katika vikao vya sulhu nilivyopata kukaa hapa mjini, malalamiko ya namna hii yamekuwa yakijirudia. Yupo kijana wa miaka 34, mwenye kazi na nyumba ya kupanga, aliyechumbia mara tatu. Wa kwanza mama alimkataa kwa sababu ya kabila. Wa pili alimkataa kwa sababu alikwisha kuolewa akaachika. Wa tatu hakuwa na hata moja kati ya hayo, ila mama alisema, "Kasoma mno, atakukalia kichwani." Yupo binti ambaye posa yake ilipokelewa, lakini kila wajumbe wakirudi wanakuta mama ameongeza jambo, mpaka mchumba akachoka akaoa kwingine. Na yupo mume wa watoto watatu ambaye mama yake ana ufunguo wa nyumba yake, na kila mwisho wa mwezi anapompelekea matumizi hupewa wosia ule ule: "Mwache huyo, nitakutafutia mke."

Hawa wote ni Waislamu, wanaswali, wanawapenda mama zao na wanaogopa laana. Swali lao ni moja: je, utiifu kwa mama unafika hadi hapa?

Nafasi ya mama haina mjadala

Kwanza tuweke msingi, ili asitokee mtu akachukua makala haya akaenda nayo nyumbani kumkaripia mzazi wake. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Israa, aya ya 23 na 24, ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke Yake na amri ya kuwatendea wema wazazi wawili, na amekataza hata kile kitamko kidogo cha kuonyesha kuchoshwa nao. Katika Suratu Luqman, aya ya 14, ametaja mimba aliyoibeba mama kwa udhaifu juu ya udhaifu, na miaka miwili ya kunyonyesha. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni nani mwenye haki zaidi ya kukaa naye kwa wema, alimtaja mama mara tatu, kisha ndipo akamtaja baba. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Kwa hiyo hatuzungumzii kama mama ana haki au hana. Anayo, tena kubwa. Tunachouliza ni haki hiyo inaishia wapi. Kila haki katika Uislamu ina mpaka, kwa kuwa mbele yake ipo haki ya mwingine. Mke ana haki yake kwa mume, na mume kwa mke, na nafsi ya mtu ina haki juu yake. Mama asiyeujua mpaka huo anaweza kumdhulumu mtu huku akidhani anadai kilicho chake.

Aidha, aya ya 15 ya Suratu Luqman inatupa kanuni nzito. Inawazungumzia wazazi wanaomshurutisha mtoto amshirikishe Mwenyezi Mungu. Hata hao, mtoto ameamrishwa asiwatii katika hilo, lakini akae nao hapa duniani kwa wema. Hapa tunapata mambo mawili yanayokwenda pamoja: kutotii katika jambo moja hakumaanishi kukata wema katika mambo mengine. Ukiwa na mambo haya mawili mkononi, nusu ya tatizo letu imekwisha kufunguka.

Nani mwenye neno katika kuchagua?

Tuanze na kabla ya ndoa. Vijana wetu siku hizi wanafahamiana kazini, vyuoni na kwenye simu. Uislamu haukuweka mlango wa mapenzi ya kificho, umeweka mlango wa posa na nikaha. Kijana anapokuja kwa mama yake na kusema, "Nimemuona binti wa watu, nataka mwende mkanipelekee posa," huyo amekuja kwa mlango wenyewe. Anayemfungia mlango huo bila sababu ajiulize anamsukuma wapi.

Kwa mtoto wa kiume jambo ni jepesi. Yeye hana walii, ndoa yake inasihi kwa kauli yake mwenyewe. Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliwahi kueleza kuwa wazazi hawana haki ya kumlazimisha mtoto wao amuoe asiyemtaka, na kwamba akikataa hahesabiwi kuwa ameasi. Akatoa mfano wa chakula: ikiwa mtu halazimishwi kula asichokipenda, ilhali uchungu wa chakula ni wa saa moja, vipi alazimishwe mwenza ambaye uchungu wake ni wa siku zote? Ndugu msomaji, mfano huu ni mwepesi lakini una uzito. Mama atakula mchele wa harusi siku moja, aliyeoa ataishi na mke huyo miaka 40 Mungu akimjaalia.

Kwa binti kuna walii, naye ni baba, kisha babu wa upande wa baba, kisha ndugu na wengineo kwa mpangilio unaojulikana katika fikihi. Mama hamo katika orodha hiyo. Hili wengi hawalijui. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi wamempa baba nafasi ya pekee kwa binti yake bikira, na hata hivyo wakaweka masharti na kupendekeza aombwe idhini yake. Nafasi hiyo hawakumpa mama. Alichonacho mama ni haki ya kushauriwa, nayo ni haki nzuri, kwa sababu yeye humjua binti yake kuliko baba.

Ama idhini ya binti mwenyewe, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi mpaka atoe amri yake, na bikira haozwi mpaka aombwe idhini. Na tunacho kisa cha Khansaa bint Khidham, mwanamke wa Kiansari aliyeozwa na baba yake bila kupenda, naye alikuwa amekwisha kuolewa kabla. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akashitaki, naye akaivunja ndoa ile. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari. Ikiwa baba ambaye ni walii amerudishwa, mama ambaye si walii atapata wapi nguvu ya kulazimisha?

Upande wa pili, wa kuzuia, tunacho kisa cha Maaqil bin Yasar. Dada yake aliachwa na mumewe, eda ikaisha, kisha yule mume akarudi kuposa tena. Maaqil alighadhibika, akaapa hamrudishi. Dada mtu naye alikuwa anataka kurejea. Hapo ndipo iliposhuka aya ya 232 ya Suratul-Baqara, inayokataza kuwazuia wanawake kuolewa na waume zao pale wanaporidhiana kwa wema. Maaqil alipoisikia aliacha hasira yake, akamuozesha. Tuzingatie kwamba hasira ya Maaqil ilikuwa na msingi, alimuona shemeji yake amewavunjia heshima. Pamoja na hayo, Qur'ani iliuangalia moyo wa wale wawili kabla ya hasira ya ndugu.

Mama aliyesema hapana

Katika Musnad ya Imam Ahmad kimo kisa cha sahaba aitwaye Julaybib. Alikuwa mtu asiye na ukoo wa kujivunia wala sura ya kuvutia macho ya watu. Mtume (s.a.w.) alimposea binti wa Kiansari. Baba akasema ngoja nimshauri mama yake. Mama aliposikia jina la Julaybib alikataa kabisa, hakutaka hata kulisikia. Baba alipoinuka kwenda kurudisha jibu, binti akauliza ni nani aliyeniposa. Alipoambiwa, aliwauliza wazazi wake vipi wanairudisha amri ya Mtume wa Mwenyezi Mungu, akawaambia wamkabidhi kwake, hatampoteza. Akaolewa na Julaybib, na Mtume (s.a.w.) akamuombea kheri. Baadaye Julaybib aliuawa katika vita akiwa amewaua maadui saba, na Mtume (s.a.w.) akambeba kwa mikono yake mwenyewe.

Mama yule hakuwa mwovu. Alikuwa mama kama mama zetu, aliyemtakia binti yake mume wa kujisifia kwa mashoga. Alimpima mtu kwa ukoo na sura. Binti alimpima kwa aliyemleta. Mimi naona mama zetu wengi wa leo wanapima kwa mizani ile ile ya kwanza: huyu ni wa bara, huyu si Mshirazi, huyu baba yake alikuwa kuli, huyu mweusi sana, huyu hana gari.

Watu husema hiyo ndiyo kufu. Ni kweli kuwa kufu imo katika vitabu vya fikihi na wanazuoni wameijadili kwa urefu, hata nasaba wameitaja. Lakini Mtume (s.a.w.) ndiye aliyemshauri Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama bin Zaid, mtoto wa aliyekuwa mtumwa. Fatima hakupendezwa mwanzoni, kisha akaolewa naye, na mwenyewe akasimulia kuwa Mwenyezi Mungu aliweka kheri katika ndoa ile. Nayo hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inaeleza kuwa akija mtu ambaye mmeiridhia dini yake na tabia yake, basi muozesheni, na msipofanya hivyo itakuwa fitina na uharibifu katika ardhi. Uharibifu huo tunauona mitaani, wala hatuhitaji mtu atufafanulie.

Hapo hapo liingie suala la mahari. Kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, aya ya 4, mahari ni ya bibi harusi. Mkaja wa mama na kilemba cha baba ni mila zetu, na mila ikiwa nyepesi haina ubaya. Lakini pale mkaja unapopita mahari, na orodha ya vitenge, kochi na simu ya mama inapokuwa ndiyo sharti la posa kukubaliwa, hapo binti amegeuzwa bidhaa. Mchagua nazi hupata koroma, wahenga wamekwisha kutuusia.

Mshauri na mtawala

Je, mama asiseme chochote? Hapana, aseme. Mama ana macho ambayo kijana aliyependa hana. Huyo huyo Fatima bint Qays alipokwenda kutaka ushauri alikuwa ameposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm. Mtume (s.a.w.) hakumwambia tu "achana nao." Alimtajia sababu ya kila mmoja: mmoja hana mali, na mwingine fimbo haishuki begani mwake. Ndiyo nasaha hiyo. Mshauri hutaja sababu inayoweza kupimwa. Mtawala hutoa amri, na ukimuuliza sababu hukwambia, "Mimi ndiye niliyekuzaa."

Kwa hiyo mama akisema, "Mwanangu, huyu kijana anakunywa pombe," au "Haswali," au "Mke wake wa kwanza alimpiga mpaka akamtoa jino," huyo anatimiza wajibu wake. Mtoto anayepuuza maneno kama hayo kwa sababu ya mapenzi atajuta, na asije akasema hakuambiwa. Lakini mama akisema, "Sipendi ukoo wao," au "Mama yake tuligombana kwenye harusi mwaka ule," hiyo si sababu ya kumnyima mtu sunna ya Mtume.

Mfano mkubwa kuliko wote katika mlango huu ni wa Barira. Alikuwa mjakazi, akaachwa huru, akapewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye. Akachagua kuachana. Mughith alikuwa akimfuata njiani huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamuonea huruma, akamwambia Barira kwamba ingelikuwa vizuri amrudie. Barira akauliza kama ile ni amri. Mtume akamjibu kuwa yeye anaombea tu. Barira akasema hana haja naye. Jambo likaisha, wala hakulaumiwa. Hadithi hii imo kwa Bukhari.

Tafakari, ewe mama. Aliyeomba ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Aliyekataa ni mwanamke aliyekuwa mjakazi jana yake. Na hakuambiwa ameasi, kwa sababu alitofautisha kati ya amri na maombezi. Ikiwa kipenzi cha Mwenyezi Mungu aliikubali "hapana" katika jambo la moyo, sisi wengine ni nani?

"Muache mkeo"

Sasa tuje baada ya ndoa, ambako maumivu ni makubwa zaidi kwa kuwa pana watoto. Mama wanaotaka wana wao waache wake zao huwa na dalili mbili mkononi, na ni uadilifu tuzitaje.

Ya kwanza ni kisa cha Abdallah bin Umar. Alikuwa na mke anayempenda, na baba yake Umar (r.a.) hakumpenda mwanamke yule, akamwambia amwache. Mtume (s.a.w.) akamwambia Abdallah amtii baba yake. Ya pili ni kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.) alipomkuta mke wa Ismail akilalamika juu ya maisha. Aliacha ujumbe kuwa Ismail abadilishe kizingiti cha mlango wake, naye Ismail akafahamu kuwa ameamrishwa amwache.

Wapo pia wanaotaja hadithi ya Abu Dardaa, ambaye alijiwa na mtu akamwambia mama yangu ananiamrisha nimwache mke wangu. Yeye alimsomea hadithi kuwa mzazi ni mlango wa katikati wa Pepo, ukitaka upoteze na ukitaka uhifadhi.

Wanazuoni wamezifahamu vipi hadithi hizi? Inasimuliwa kuwa mtu mmoja alimuuliza Imam Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka 855, kuhusu baba anayemwamuru amwache mkewe. Imam akamwambia asimwache. Yule mtu akasema, je Umar hakumwamuru mwanawe? Imam akamjibu kwa maana ya kuwa, subiri mpaka baba yako awe kama Umar. Jibu hili si la mzaha. Umar alikuwa mtu ambaye haki iliwekwa kwenye ulimi wake, hawezi kuamuru talaka kwa chuki ya jikoni. Na Ibrahim ni Nabii, aliyeona kwa mwanamke yule ukosefu wa shukrani. Naye Ibn Taymiyya, alipoulizwa kuhusu mama anayemtaka mwanawe amwache mkewe, alijibu kuwa si halali amwache kwa ajili ya kauli yake, bali ni juu yake kumtendea wema mama, na kumwacha mke si katika wema huo.

Ama Abu Dardaa, yeye alimkumbusha mtu daraja ya mzazi. Kuuhifadhi mlango huo ni wajibu, lakini huhifadhiwi kwa kumdhulumu mja mwingine wa Mwenyezi Mungu. Hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, na dhulma ni maasi.

Tena tujihadhari. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Iblisi huwatuma askari wake, na anayemkaribisha zaidi ni yule anayekuja kumwambia kuwa hakumwacha mtu mpaka amemtenganisha na mkewe. Na katika Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) amemtoa katika safu yetu mwenye kumharibu mke dhidi ya mumewe. Wapo mama, na hili nalisema kwa masikitiko, waliofika hadi kwa waganga kutafuta dawa ya kumchukiza mwana na mkewe. Wakaisome aya ya 102 ya Suratul-Baqara, inayotaja elimu ya kutenganisha mtu na mkewe, waone imewekwa pamoja na nini.

Nyumba ina mlango

Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Mama anayepokea habari za nyumba ya mwanawe kwa simu kila jioni anahukumu kesi kwa shahidi mmoja. Na mara nyingi shahidi huyo ni mume mwenyewe, anayetoka kugombana na mkewe asubuhi, akampigia mama mchana, kisha usiku wakapatana. Yeye kasahau, mama bado anayo moyoni. Siri ya nyumba ikitoka haitoki peke yake, hutoka na heshima ya mke.

Wanazuoni wengi, wakiwemo wa Kishafi na wa Kihanafi, wameeleza kuwa makazi ya mke ni haki yake, na mume hana ruhusa ya kumlazimisha akae na jamaa zake ndani ya makazi yake bila ridhaa yake. Wapo wanawake wanaokaa na mama mkwe kwa mapenzi makubwa, na hao wana fadhila. Lakini fadhila haigeuzwi kuwa deni. Na Suratun-Nur, aya ya 27, imeamrisha kupiga hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu. Nyumba ya mwanao aliyeoa si nyumba yako. Ufunguo wa akiba ni wa dharura, si wa kukagua sufuria.

Radhi isiwe fimbo

Silaha kubwa ya mama wa Kiswahili ni radhi. "Ukimuoa huyo, maziwa yangu sikuachii." Neno hili limewavunja vijana wengi kuliko umaskini. Nawaambia mama zangu kwa heshima: Mtume (s.a.w.), kwa mapokezi ya Muslim kutoka kwa Jabir, ametukataza tusijiapize wenyewe, wala watoto wetu, wala mali zetu, tusije tukaiafiki saa ambayo dua hupokelewa. Mama, ikiafiki saa hiyo, utakayemzika au kumuuguza ni nani? Si yule mkwe. Ni mwanao uliyemlilia leba.

Na kwa vijana nasema: Mwenyezi Mungu ni mwadilifu. Mtoto aliyechagua mwenza mwenye dini, akamshauri mama, akamnyenyekea, akaendelea kumtunza, hana sababu ya kuishi kwa hofu kwa sababu tu mama amekasirika bila haki. Asiache kumuomba radhi, na asiache kumuombea.

Chanzo chake nini?

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimewasikiliza baadhi ya mama hawa, na nyuma ya ukali mara nyingi nimeikuta hofu. Wengi ni wajane, au waliachwa na waume zao wakalea peke yao kwa kuuza vitumbua na maandazi alfajiri. Mtoto wa kiume ndiye aliyekuwa mume wa nyumba, ndiye pensheni, ndiye wa kuzungumza naye jioni. Anapotokea mwanamke mwingine, mama haoni harusi, anaona ananyang'anywa. Wengine waliteswa na mavyaa zao, nao wakidhani ndiyo desturi ya kumfunda mke.

Hofu haitibiwi kwa mabishano. Inatibiwa kwa vitendo. Kijana anayetaka kuoa aanze kwa kumhakikishia mama matumizi yake kwa kiwango kinachojulikana na siku inayojulikana, kabla na baada ya harusi. Amtembelee peke yake pia, asimpelekee kila mara mke na watoto kana kwamba yeye mwenyewe hana la kuzungumza naye. Mama akiona mkono haukupungua, moyo nao hutulia.

Tufanye nini?

Kwa kijana au binti: usianze na "nimeshaamua." Anza mapema, mtaje mtu, mweleze mama dini na tabia yake, mpe nafasi ya kumuona. Akikataa, omba sababu kwa upole, uipime kwa uaminifu. Ikiwa ni ya dini au tabia, chunguza. Ikiwa si hivyo, mtafute mtu anayesikilizwa na mama: mjomba, shangazi, bibi, shoga yake wa chuoni. Mara nyingi mjomba mmoja hufungua kilichoshindikana miezi sita.

Ikiwa ni binti, na walii amejiunga na mama kuzuia bila sababu ya kisheria, fikihi inamwita walii mzuiaji, na jambo lake hupelekwa kwa kadhi. Zanzibar na Kenya zipo mahakama za kadhi zinazotambuliwa na sheria za nchi. Tanzania Bara Waislamu huwaendea masheikh na makadhi wa taasisi zao. Binti asikimbilie kuozwa uchochoroni na mtu asiyemjua. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na mwenye miaka 18 au zaidi hahitaji kibali cha mzazi katika sheria hiyo. Ndoa ya kulazimishwa basi haina kwake si katika dini wala katika sheria.

Kwa mume: wewe ndiye ukuta kati ya wawili unaowapenda. Usimpelekee mama maneno ya mkeo, wala mkeo maneno ya mama. Ukikataa jambo la mama, likatae kwa jina lako, usiseme "mke wangu hataki." Na mkigombana, Suratun-Nisaa, aya ya 35, imetaja msuluhishi mmoja kutoka kwa mume na mmoja kutoka kwa mke. Wawili, tena wenye nia ya kusuluhisha. Haikutaja mama mmoja mwenye hukumu mfukoni.

Kwa mke: mama wa mumeo si mwenzio wa kushindana. Humpunguzii kitu mumeo akimpenda mama yake. Msalimie kabla hajakusalimia, mwombe akufundishe kupika anachokipenda mwanawe, na usimkataze mumeo kumtunza. Mume anayemdhulumu mama yake leo, kesho hatashindwa kukudhulumu wewe.

Kwa baba: wengi mmekaa kimya mkisema "hayo ni mambo ya wanawake." Wewe ndiye walii, na kimya chako kimemwachia mwingine amana uliyokabidhiwa wewe.

Na kwa mama: umelea, umekesha, umemfunza Fatiha na kufunga viatu. Kuzaa si kazi, kazi kulea, nawe kazi umeimaliza. Mwamini basi huyo uliyemlea. Toa nasaha yako mara moja, kwa sababu, kisha inua mikono umuombee. Mama anayeombea ndoa ya mwanawe huitwa kwenye kila furaha ya nyumba hiyo, na wajukuu humkimbilia mlangoni. Anayeivunja hubaki na mwana aliyekaa kimya chumba cha pili, asiyeoa, asiyecheka, anayeleta matumizi kila mwezi na kuondoka.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu hekima, awape vijana wetu wenza wema, na azitie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.

Wallahu aalam.